Kambare Akijaa Mayai Bado Hajazaa: Majira ya Uzazi wa Samaki wa Ruvu, Wami na Pangani

Ukiuliza Korogwe au Makurunge, katika mikoa ya Tanga na Pwani nchini Tanzania, samaki wa mto huzaa mwezi gani, utapata majibu matatu, na kila anayejibu atakuwa na uhakika wake. Wa kwanza atasema Aprili, kwa sababu ndipo kambare wanapopanda majanini usiku. Wa pili atasema wanazaa mwaka mzima, maana perege mwenye vifaranga mdomoni hakosekani. Wa tatu atasema Februari, kwa kuwa ndipo anapopasua kambare na kukuta tumbo limejaa mayai. Wote wameona kweli walichokiona. Ila wa tatu amekitafsiri vibaya, na kosa lake ndilo linalovuruga mijadala mingi, kuanzia ya kufunga uvuvi hadi ya kuchagua kambare wazazi wa kuzalishia vifaranga.

Kujaa mayai ni kazi moja, kutaga ni nyingine. Kazi hizi mbili zinaendeshwa na ishara tofauti, na katikati yake zinaweza kupita wiki kadhaa, hata miezi. Samaki aliyejaa mayai ni samaki anayesubiri. Anachosubiri kinategemea aina yake, ndiyo maana mto mmoja katika juma moja unaweza kuwa na samaki anayetaga, mwingine anayelea, mwingine anayejaza mayai polepole, na mwingine ambaye hatataga mtoni humo maisha yake yote.

Mvua ya hapa, mafuriko ya kule

Ukanda wa Tanga na Bagamoyo una misimu miwili ya mvua: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Masika ndiyo nzito na ndefu. Vuli huja kwa vipande, na miaka mingine hailowanishi zaidi ya juu ya udongo. Katikati yake kuna kiangazi kikali cha Januari na Februari, wakati wa kaskazi, na ubaridi wa Juni hadi Agosti, wakati wa kusi.

Katika nchi zilizo mbali na ikweta samaki wengi hupima mwaka kwa urefu wa mchana. Hapa kipimo hicho ni hafifu. Tanga mjini, iliyo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni takriban dakika 35. Bagamoyo ni kama dakika 45. Samaki wetu hawakosi kabisa kuihisi tofauti hiyo, lakini vitu vinavyobeba uzito zaidi ni joto la maji, chakula, na kupanda kwa maji.

Jambo moja husahaulika mara kwa mara: mto haufuati mvua ya mdomoni pake. Ruvu inateremka kutoka Uluguru, Wami inakusanya maji ya Ukaguru na Nguru kabla ya kufika Saadani, na Pangani inaanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Maji yanaweza kupanda Bagamoyo jua likiwaka, na yanaweza kukataa kupanda wakati mji wote umelowa. Sigi ni tofauti, kwa kuwa ni mto mfupi unaotoka Usambara Mashariki, hivyo hupanda na kushuka haraka. Anayetaka kujua samaki watataga lini asitegemee kipimo cha mvua cha mjini peke yake. Achomeke mti wenye alama za sentimita pembezoni mwa mto na mwingine kwenye uwanda unaofurika, asome kila asubuhi saa ileile, aandike. Daftari hilo la kina cha maji lina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kinachotokea ndani ya mwili

Kazi ya kwanza, ya kutengeneza mayai, huanzia kwenye ubongo. Sehemu iitwayo haipothalamasi hupokea habari za joto, mwanga na hali ya lishe, kisha hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari iliyoning'inia chini yake. Tezi hiyo humwaga homoni za uzazi kwenye damu, na ovari zikizipata hutengeneza estrojeni. Hapo anaingia mfanyakazi ambaye wengi hawamfikirii: ini. Estrojeni huliamuru ini litengeneze protini ya vitelojenini, nayo husafiri kwa damu hadi kwenye ovari na kuingia ndani ya kila yai, ambamo hugeuka kuwa kiini, yaani akiba ya lishe ya kijusi. Kwa hiyo mayai hujengwa kwa chakula na akiba ya mwili. Ukipasua kambare jike katika hatua hii utaona mafuta meupe yanayozunguka utumbo yanapungua kadiri ovari zinavyonenepa. Jike aliyekosa chakula wakati wa kiangazi atafika masika na mayai machache, au bila mayai kabisa.

Mayai yakishajaa kiini, kazi husimama. Hayatoki. Yanaweza kukaa katika hali hiyo muda mrefu yakisubiri kazi ya pili, ambayo ni ya haraka mno na humalizika ndani ya saa chache. Pituitari inapomwaga homoni nyingi kwa mkupuo, kiini cha seli (nyukliasi, si kile kiini cha lishe) kilichokuwa katikati ya yai husogea ukingoni na kuyeyuka, yai huachia kutoka kwenye ngozi iliyolishikilia, na sasa ni lazima litagwe upesi. Likichelewa ndani ya tumbo huharibika, na hata mbegu za dume haziwezi kulirutubisha.

Nini huzuia mkupuo huo usitokee kabla ya wakati? Kwa kambare, na kwa samaki wa jamii ya kapi, kizuizi ni dopamini, ambayo hufanya kazi kama breki juu ya pituitari. Mto ukipanda, breki inaachiwa. Samaki hahitaji ishara moja tu. Anahisi kina kinaongezeka, maji yamechafuka, chumvichumvi iliyoyeyuka ndani yake imepungua kwa kuzimuliwa na mvua, na harufu ya udongo na majani yaliyolowa sasa hivi imejaa mtoni. Majaribio ya maabara na samaki wanaotoa umeme, yaliyoanza miaka ya 1970, yalionyesha kwamba ukipunguza chumvi ya maji, ukapandisha kina na kuiga mvua, samaki hao huanza kupevuka hata bila kuona mto. Domodomo, ambao jamii yao imo hata kwenye mito yetu ya pwani, ni wa kundi linaloongozwa na ishara za namna hiyo.

Na mvua isipokuja? Mayai hayadumu milele. Mwili huyavunja na kuyanyonya tena. Ovari iliyofika hapo ina mabaka ya rangi ya chungwa au kahawia, mayai yamelegea na hayalingani. Mwaka wa masika haba utakuta kambare wengi wa namna hii mwezi Juni, na mtu asiyejua ataandika kwamba wametaga.

Kambare: usiku mmoja, basi

Kambare wa mito yetu, *Clarias gariepinus*, ni mfano safi wa samaki wa mafuriko. Joto la maji linapopanda baada ya kipupwe, majike huanza kujaza mayai, na kufikia mwisho wa kiangazi ovari zinaweza kuwa asilimia 15 au zaidi ya uzito wa mwili. Gramu moja ya mayai hayo ina mayai kama 600 hadi 700, kwa hiyo jike wa kilo moja mwenye gramu 150 za mayai amebeba karibu laki moja.

Maji yakifunika majani, kambare hutoka kwenye mkondo usiku, madume na majike, wakapanda hadi maji ya kina cha goti au pungufu, mahali palipokuwa pakavu siku chache nyuma. Dume hujikunja kuzunguka kichwa cha jike na wawili hao hutulia hivyo kwa sekunde chache. Dume humwaga mbegu, jike humwaga mayai, kisha jike hupiga mkia kwa nguvu na kuyasambaza. Mayai yana gundi upande mmoja, hunata kwenye majani. Jozi ileile inaweza kurudia mara nyingi usiku huo. Kukipambazuka wazazi wanarudi mtoni, hakuna anayebaki kulinda.

Kwa nini wahatarishe mayai kwenye majani ambayo maji yanaweza kuyaacha? Kwa sababu ardhi iliyofurika upya ni shamba la chakula. Nyasi na samadi vinaoza, virutubisho vinatoka, mwani unaota, na baada ya siku chache wadudu wadogo wa majini, ambao ndio chakula cha kwanza cha kifaranga, wanakuwa wengi ajabu. Samaki wakubwa walao vifaranga bado wametawanyika, na majani yanawaficha wadogo. Kifaranga aliyeanguliwa mkondoni wakati wa kiangazi hapati hata kimoja kati ya hivyo.

Hesabu ya muda ndiyo inayoamua nani ataishi. Kwa joto la kawaida la maji ya pwani mayai huanguliwa baada ya saa 24 hadi 36. Kifaranga hubaki na akiba ya kiini kwa siku mbili au tatu, halafu lazima ale. Kambare mkubwa huvuta hewa kwa kiungo kilicho juu ya matamvua, ndiyo maana anaweza kuishi kwenye tope. Kifaranga hana kiungo hicho kilichokamilika wiki mbili hadi tatu za mwanzo. Kwa hiyo maji yakipanda kwa siku nne na kushuka, kizazi chote kinakufa majanini. Yakikaa juu mwezi mzima, wanaorudi mtoni ni wengi. Vuli ya vipande huwadanganya baadhi ya majike hivyo hivyo: hutaga Novemba kwenye maji yanayokauka kabla ya Desemba. Jike aliyesubiri masika amefanya vyema zaidi mwaka huo, ingawa mwaka wa vuli nzuri mambo hugeuka. Tofauti hiyo kati ya jike na jike ndiyo inayoiokoa jamii nzima.

Wafugaji wanauona ukweli huu kila siku bila kuupa jina. Kambare aliyelishwa vizuri kwenye bwawa lenye joto hujaa mayai karibu mwaka mzima, lakini hatagi, kwa kuwa bwawa halifuriki. Kazi ya kwanza imekamilika, ya pili haina ishara. Ndiyo maana kwenye vituo vya kuzalishia hudungwa sindano: ama pituitari iliyosagwa ya kambare mwingine wa uzito unaolingana naye, ama dawa kama Ovaprim, kwa kawaida mililita 0.5 kwa kila kilo ya samaki. Ovaprim ina vitu viwili, homoni inayoichochea pituitari na kitu kinachozuia dopamini. Baada ya sindano, kwa maji ya nyuzijoto 25 mayai huwa tayari kukamuliwa baada ya saa 11 hivi, na kwa nyuzijoto 30 baada ya saa 7. Anayekamua mapema hupata mayai magumu yenye damu, anayechelewa hupata yaliyokufa. Sindano haiwezi kufanya kazi ya kwanza: jike mwenye mayai machanga hatatoa kitu hata ukimdunga mara mbili.

Perege hasubiri mto

Mito hii ina perege wake wa asili. Ruvu na Wami zina *Oreochromis urolepis*. Bonde la Pangani lina *Oreochromis korogwe* na *Oreochromis jipe*, waliopewa majina ya kisayansi mwaka 1955 na mtaalamu Rosemary Lowe, wa kwanza akichukua jina la Korogwe.

Dume husafisha na kuchimba kiota cha duara kwenye mchanga au tope la maji ya kina kidogo. Jike huja, hutaga mafungu machache, huyaokota mayai mdomoni hapohapo, na kuondoka nayo. Mayai huanguliwa ndani ya mdomo baada ya siku chache na vifaranga hukaa humo hadi wiki mbili au tatu kwa jumla. Muda wote huo jike hali au hula kidogo sana. Kwa kuwa mdomo una nafasi ndogo, mayai ni mamia, si makumi ya maelfu, lakini kila moja ni kubwa na lina kiini cha kutosha.

Samaki anayelea hivi hahitaji majani yaliyofurika kwa ajili ya mayai. Ovari yake ina mayai ya rika mbalimbali kwa wakati mmoja, na jike aliyeshiba kwenye maji ya joto anaweza kurudia baada ya wiki nne hadi sita. Kwa hiyo mvuvi aliyesema mwaka mzima hakukosea. Bado kuna kilele karibu na mvua, wakati chakula cha vifaranga ni kingi, na kuna kupungua katika miezi ya baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzijoto 20 hivi perege huacha kutaga.

Kinachoharibu uzazi wake ni kinyume cha kinachoharibu uzazi wa kambare. Kambare huumizwa na maji yasiyopanda. Perege huumizwa na maji yanayopanda na kushuka ghafla, hasa chini ya mabwawa, kwa kuwa viota huachwa wazi au huzikwa kwa mchanga. Vilevile jike akinaswa na wavu hutema alichobeba. Akifika kwenye kapu ni jike mwembamba, tumbo tupu, ovari ndogo, na karani humwandika kama asiyezaa. Mfungue mdomo mara tu anapotoka majini, na chunguza maji ya ndoo uliyomtia.

Kuna madhara mengine ya kuzaa mwaka mzima. Sato wa Naili, aliyeletwa kwa ufugaji na kuingia kwenye mito hii, naye hutaga mwaka mzima na anaweza kuzaana na perege wa asili. Kama misimu yao ingetofautiana, kalenda ingewatenganisha. Haitofautiani, na chotara wamekwisha kuonekana. Anayejenga bwawa la sato karibu na Ruvu au Pangani lazima aweke wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na ajenge ukingo uliopita kimo cha mafuriko makubwa anayoyajua.

Visamaki vya madimbwi

Hapa ndipo penye maajabu kuliko yote, na ni aibu kwamba watoto wengi wa Muheza na Bagamoyo huvikanyaga bila kuambiwa ni nini. Kwenye madimbwi ya mvua yenye tope jeusi la mfinyanzi, yasiyounganika na mto, huishi visamaki vya jenasi *Nothobranchius*, virefu kama kidole. Dume ana rangi kali za bluu na nyekundu, jike ni wa kijivu. *Nothobranchius palmqvisti* alielezwa kisayansi mwaka 1907 kutokana na samaki wa Tanga, na *Nothobranchius melanospilus* yumo kwenye madimbwi ya nyanda za Ruvu na Wami.

Dimbwi hukauka kila mwaka na samaki wote hufa. Hakuna aliyejificha, hakuna aliyehama. Kinachobaki ni mayai ya milimita moja hivi ndani ya tope. Mvua ikijaza dimbwi, mayai huanguliwa ndani ya saa chache, visamaki hukua kwa kasi isiyo ya kawaida kwa mnyama mwenye uti wa mgongo na kuanza kutaga wakiwa na umri wa wiki chache. Wanataga mayai machache kila siku mpaka maji yaishe. Ndugu yao wa Msumbiji, *Nothobranchius furzeri*, amethibitishwa kupevuka porini kwa siku 14.

Siri iko kwenye yai. Kijusi chake kinaweza kusimamisha ukuaji mara tatu. Kwanza mapema kabisa, seli zikiwa bado zimetawanyika. Pili katikati, uti wa mgongo na moyo vikiwa vimeanza kuonekana. Tatu mwishoni, samaki akiwa amekamilika ndani ya ganda, macho yake yanaonekana, anangoja maji tu. Katika kila kituo matumizi ya nishati hushuka sana. Muhimu zaidi, mayai ya mama mmoja hayasimami pamoja. Baadhi hupita kituo cha pili bila kusimama, mengine hukaa hapo miezi. Mvua ya vuli ikija ikawaangua waliokuwa tayari, kisha dimbwi likakauka kabla hawajataga, wamo wenzao ndani ya tope wanaongoja masika.

Ukiwa na kioo cha kukuzia unaweza kuona haya. Chota tope la sakafu ya dimbwi lililokauka juu lakini bado lina unyevu kidogo, lichambue polepole kwenye sinia jeupe, na utapata vidonge vya mviringo vya rangi ya kahariba. Yai lililo hai linang'aa na ni gumu kidogo ukiligusa, lililokufa ni jeupe kama maziwa. Usilitie majini kama macho ya samaki hayaonekani ndani: halitaanguliwa, na litaoza. Rudisha tope mahali pake.

Kinachowamaliza visamaki hawa ni kifusi. Dimbwi likijazwa ili kupata kiwanja, au likichimbwa liwe lambo la kudumu, jamii ya mahali hapo imekwisha, kwa sababu lambo huleta kambare na perege wanaowala, na mayai yasiyopata kukauka hayakui inavyopaswa.

Mkunga

Kwa kifupi: mikunga wa Pangani, Wami na Ruvu hawatagi mtoni. Hukulia huko miaka mingi, kisha mafuriko yakija huteremka baharini, huenda mbali ndani ya Bahari ya Hindi, hutaga mara moja na kufa. Wadogo wao huletwa na mikondo ya bahari hadi midomoni mwa mito, wakiwa wembamba na wanaopitisha mwanga. Ukipasua mkunga wa mtoni ukakuta hana mayai ya kuonekana, usishangae. Atapevuka akiwa safarini.

Kujua hatua aliyofikia samaki

Pima samaki aliyetolewa utumbo, si mzima, kwa sababu tumbo lililojaa chakula huharibu hesabu. Pima ovari peke yake kwa mizani ya gramu. Gawanya uzito wa ovari kwa uzito wa samaki, zidisha kwa 100. Kambare wa gramu 1,000 mwenye ovari ya gramu 150 ana 15. Akishataga, ovari ya gramu 30 itampa 3. Usilinganishe aina kwa aina: perege wa gramu 200 mwenye ovari ya gramu 7 ana 3.5 tu, na yuko tayari kabisa.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Kambare aliyetaga jana na kambare mchanga wanaweza kuwa na namba moja. Tazama ovari yenyewe. Ya mchanga ni nyembamba, angavu, ya pinki, imara. Ya aliyetaga ni pana lakini imenyauka, ina damu, na ndani yake kuna mayai machache makubwa yaliyosalia. Ukitaka uhakika zaidi kwa mayai yaliyojaa, tia machache kwenye mchanganyiko wa sehemu 6 za alkoholi ya asilimia 70, sehemu 3 za formalini na sehemu 1 ya asidi ya asetiki. Fanya nje, kwa glavu, usivute mvuke. Baada ya dakika chache yai huwa angavu. Kiini cha seli kikiwa katikati, samaki bado anangoja. Kikiwa ukingoni, yuko karibu.

Chukua majike 20 hadi 30 waliopevuka kila mwezi, kwa aina moja, kwa miezi 12 angalau, na usiwachague wanene. Nunua fungu lote kama lilivyotoka kwenye mtego. Tumia zana zaidi ya moja, kwa sababu wavu wa mkondoni hauwanasi walio majanini, na mwezi wa kutaga ndio utakaoonekana hauna samaki wenye mayai. Namba inayoshuka ghafla kati ya mwezi mmoja na unaofuata, sambamba na kupanda kwa maji kwenye daftari lako, ndiyo dalili ya kutaga. Kilele cha namba ni dalili ya kungoja.

Wapi pa kuzuia

Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, hukamata mafuriko ya Pangani na kuyaachia kidogo kidogo kwa ajili ya umeme. Chini yake, kinamasi cha Kirua kimepoteza sehemu kubwa ya mafuriko yake. Kambare wa huko bado wanaweza kujaa mayai, maana joto na chakula vipo. Kilichopungua ni usiku wa kutaga. Pakizungumzwa kuachia maji kwa ajili ya samaki, swali la kwanza liwe maji yatakaa juu ya majani siku ngapi. Kuyaachia siku tatu na kuyafunga ni kuwaita kambare wakatage mahali mayai yatakapokauka. Yakae juu wiki tatu au nne, kisha yashushwe taratibu ili vifaranga wafuate vijito hadi mtoni.

Kwa uvuvi, kufunga mwezi mzima wa Aprili ni kipimo kibovu, kwa sababu mwaka mmoja maji hupanda Machi na mwingine Mei. Ziwa Victoria linatoa mfano: ningu, ambaye hupanda mitoni wakati wa mafuriko kutaga, aliporomoka katikati ya karne ya 20 baada ya nyavu za makila kutegwa midomoni mwa mito, kwenye njia yake. Madhara yalikuwa makubwa kwa sababu ya mahali na saa. Kambare wa Ruvu na Wami nao wana milango yao: vijito na mifereji inayounganisha mkondo na uwanda. Uzio wa migono uliokatiza kijito kizima usiku wa kwanza wa mafuriko unaweza kuchukua wazazi wengi kuliko nyavu za mwezi mzima mtoni, na chandarua kilichotandazwa kwenye mfereji uleule maji yanaposhuka huchukua vifaranga waliobaki. Sumu na baruti zimekatazwa kisheria, na utupa, mmea wa kulevya samaki, unaotiwa kwenye madimbwi yanayobaki Juni ni sumu, hata kama ni wa shambani.

Kijiji kinachotaka kanuni inayotekelezeka kiweke alama kwenye mti ule wa kupimia maji. Maji yakifika alama, vijito vyote viachwe wazi, bila uzio wala mgono, usiku kumi mfululizo, na mkondo mkuu ubaki huru kwa uvuvi wa kawaida. Yakianza kushuka, vijito hivyohivyo viachwe wazi tena mpaka vifaranga wa urefu wa kidole waonekane wakiingia mtoni.